Pampasi, pedi, kondomu ya mkojo au mpira: ipi utaiweza kwa mikono yako mwenyewe?

Mi niliumia shingo. Miguu haisimami, na vidole vyangu viko kama vya mtu aliyevaa glavu nene kutwa nzima, kikombe nashika ila kufunga kifungo cha shati ni kesi ya dakika kumi. Mkojo unatoka wenyewe bila kuniaga. Dada yangu yeye hajaumia popote, kazaliwa na mtindio wa ubongo, anatembea na magongo mawili, mikono yake ina nguvu kuliko yangu mara kumi ila misuli inamkaza ghafla, na yeye mkojo anausikia vizuri tu, shida ni kwamba akishausikia ndo umeshafika. Watu wawili, nyumba moja, tatizo hospitali wanaliita jina moja, na haijawahi kutokea hata siku moja tukatumia kitu kimoja kikatufaa wote. Kwahiyo mtu akiniuliza "eti ipi nzuri" huwa nacheka kwanza.

Kila mtu anaanza na swali la ipi inanyonya sana. Na mimi nilianzia hapohapo. Nikatafuta pampasi nene kuliko zote, ile ya usiku ya kubandika pembeni, nikasema sasa kazi imeisha. Na kweli ilinyonya. Ila asubuhi ya kwanza niko peke yangu kitandani, ya usiku nimeshaitoa, mpya nimeilalia, kibandiko cha kushoto nimekipata, cha kulia kimejikunja chini ya kiuno kimejigandisha chenyewe kwa chenyewe, nakikwangua na pembeni ya kiganja mpaka kinachanika. Nikachukua ya pili. Mikononi nilikuwa na krimu niliyotoka kujipaka, ikagusa gundi, na gundi ikishaonja mafuta haishiki tena, ikawa inabanduka kila nikigeuka. Ya tatu ndo ikafunga, upande mmoja uko juu kama mkanda na upande mwingine uko chini kwenye paja, na sijamaliza hata chai imeshavuja. Pampasi tatu na karibu saa nzima, kwa ajili ya kitu kinachosifiwa kunyonya.

Tangu siku hiyo swali langu limegeuka: nani anaibadilisha, akiwa amekaaje, na kwa mikono ya aina gani? Kunyonya kunafuata nyuma.

Na hiyo namba ya mililita iliyoandikwa kwenye pakiti usiiamini kihivyo. Kuna kipimo cha kimataifa, ISO 11948-1, wanachukua pampasi nzima wanaizamisha kwenye maji, wanaiacha ichuruzike, wanaipima uzito. Sasa wewe hukojoi pampasi nzima kwa pamoja, unakojoa sehemu moja, tena umekaa juu yake na uzito wa mwili wote. Ndani kuna punje ndogo ndogo ambazo zikilowa zinageuka jeli na kuushika mkojo, ila zinahitaji muda na nafasi ya kuvimba, ukikaa kwenye wilchea nafasi hiyo inabanwa katikati ya mapaja na mkojo unakimbilia pembeni kwenye mikunjo ya miguu au nyuma kuelekea mgongoni. Kwahiyo namba itumie kulinganisha pakiti na pakiti tu, kwamba hii inazidi ile, usiisome ukadhani ndo kiasi utakachokojoa kabla haijavuja.

Kabla sijaendelea, kitu kimoja nakiweka hapa juu kwa makusudi. Mkojo kutoka wenyewe sio lazima kibofu kinamwagika kwa ulegevu, wakati mwingine kibofu kimejaa hakiwezi kujimaliza na kinachotoka ni kinachofurika. Kwa sisi tulioumia uti wa mgongo, au waliozaliwa na mgongo wazi (uti haukufunga vizuri tumboni mwa mama), hilo ni la kawaida sana, na presha ya kibofu kilichojaa inaweza kurudi juu ikaharibu figo kimyakimya huku wewe unashukuru pampasi inafanya kazi. Pima. Ultrasaundi ya kibofu baada ya kukojoa inaonyesha kimebaki kiasi gani, haiumi, ni jeli baridi tumboni basi. Jibu la hapo linaweza kukubadilishia uchaguzi wote.

Haya, tuingie.

Za kubandika na za kuvaa kama chupi

Hizi mbili ndo watu wanazichanganya zaidi. Za kubandika zinafunguka zote kama shuka, zina vibandiko viwili kila upande. Za kuvaa ziko kama chupi na lastiki, unazipandisha tu.

Mtu anayesimama, hata kwa kushika ukuta, za kuvaa ndo rahisi. Dada yangu anazo, chooni anashusha na kupandisha kama chupi yoyote, na hili lina maana kubwa kwake maana yeye bado anawahi choo mara nyingi, ya kubandika ingemfanya aanze kubandua na kubandika kila safari na gundi inachoka. Ila zikishalowa ndo uone kazi. Kuitoa ni rahisi, unachana pembeni zote mbili inatoka, lakini kuvaa mpya lazima ipite miguuni, maana yake viatu vitoke, suruali itoke yote, na yeye anavaa vyuma vya miguu, navyo vitoke. Akiwa nje ya nyumba kwenye choo kidogo na magongo yameegemezwa mlangoni yanateleza, hiyo ni dakika ishirini za jasho. Anasema kinachomuudhi sio mkojo, ni kufunga tena mikanda ya vyuma na vidole vinavyokaza.

Mi niliyekaa, za kuvaa zinanishinda mapema zaidi. Kuzipandisha juu ya makalio inabidi uinue makalio, na kama huna nguvu za kujiinua kwa mikono unaishia kujiviringisha kushoto kulia kitandani ukiivuta sentimita mbili mbili. Inawezekana, nimefanya, ila inachosha kabla siku haijaanza.

Za kubandika kwa mtu aliyelala ndo zenyewe, hasa kama kuna anayekusaidia. Unaikunja kwa urefu mpaka iwe kama mtumbwi, hapo zile kingo zenye lastiki ndani zinasimama, ndo zinazozuia kuvuja, watu wengi hawafanyi hivyo wanaitandika bapa kama kitambaa cha meza halafu wanalalamika. Unalala ubavu, inapitishwa kutoka mbele kwenda nyuma, mwanamke hasa, ili uchafu wa nyuma usije mbele. Unageuka chali, mbele inavutwa juu, vibandiko vya chini vinaanza vikielekea juu kidogo, halafu vya juu vikielekea chini kidogo. Ikivaliwa hivyo inakaa kwenye paja kama lastiki ya soksi. Ikivaliwa kwa haraka inaacha tundu pale kwenye mkunjo wa paja na hata ingenyonya lita tatu haisaidii, mkojo umeshapita.

Kwa mikono mibovu kama yangu angalia aina ya kibandiko kuliko kitu kingine chochote. Kuna vya gundi, kama selotepu, na kuna vya velkro vinavyoshika kwenye kitambaa. Vya gundi vinashika vizuri ila mara moja, ukikosea umekosea, na krimu inaviua kama nilivyosema. Vya velkro unaweza kubandua na kurudia hata mara tano, na havijali krimu. Nilichofanya mimi usiku kabla ya kulala namwomba mama akunje ncha ya kila kibandiko kidogo itokeze kama sikio, asubuhi nalishika hilo sikio kati ya vidole viwili au nalikwaruza na kidole gumba. Mama anaziita "masikio ya sungura". Ananiuliza kila jioni, "Mwanangu, masikio nimekuwekea?" na mgeni akiwepo anadhani tunaongelea mambo ya watoto.

Pedi, na zile za mkanda

Pedi kubwa za kuingiza ndani ya chupi ya wavu hazina heshima madukani, watu wanadhani ni za kuvuja kidogo, kumbe zipo kubwa zenye umbo la mashua zinazobeba kiasi cha kutosha mchana mzima. Uzuri wake uko kwenye kubadilisha: chupi haitoki, viatu havitoki, suruali inashuka mpaka magotini tu. Dada yangu akitoka safari ndefu anavaa pedi kubwa na wavu badala ya ile ya kuvaa, anasema anashika chuma cha ukutani kwa mkono mmoja na mwingine unavuta ya zamani kutoka mbele na kuingiza mpya. Kwenye wilchea pia inawezekana ukisogea mpaka ukingoni mwa kiti na kuegemea nyuma, ila lazima uwe na uhakika wa mizani yako, na breki. Breki, jamani. Mi niliwahi kujikuta sakafuni na pedi mkononi, nimekaa pale nikaanza kuisoma maelekezo yake maana sina la kufanya mpaka mtu aje.

Ubaya wake, pedi inasogea. Mwenye misuli inayokaza ghafla anaweza kukuta imeshahamia nyuma. Chupi lazima ibane, ya wavu au ya kawaida inayokumbatia, ukivaa boksa pana pedi inatembea mpaka kwenye paja. Na kwa haja kubwa pedi haifai, tusidanganyane, hapo rudi kwenye za kubandika.

Za mkanda hazipatikani kirahisi kama hizo nyingine, ila ukiziona zijaribu, hasa kama una upande mmoja tu unaofanya kazi baada ya kiharusi. Kuna mkanda mpana unaozunguka kiuno unafungwa mbele kwa velkro kwanza, ukishafunga ndo unavuta ile sehemu ya kunyonya kutoka nyuma kupita katikati ya miguu mpaka mbele unaibandika juu ya mkanda. Yaani kazi zote mbili ziko mbele ambapo unaona, na mkono mmoja unatosha ukishazoea. Anayesimama ameegemea ukuta anaziweza, aliyelala anaziweza. Kwa aliyekaa ni ngumu kidogo.

Halafu naomba niseme hili la kupachika mbili. Watu wanaweka pedi ndani ya pampasi ili zinyonye mara mbili. Pedi ya kawaida ina plastiki mgongoni, mkojo ukijaa hauwezi kupita kwenda chini, unamwagika pembeni, kwahiyo ile pampasi ya chini inabaki kavu na wewe umelowa. Zipo pedi za nyongeza zilizotengenezwa bila plastiki, hizo zinapitisha, hizo ndo za kuweka ndani. Kama hujui una ipi imwagie maji mengi juu ya sinki uone kama yanapita chini.

Kondomu ya mkojo dhidi ya pampasi, kwa wanaume

Hapa ndo maisha yangu ya mchana yalipobadilika, kwahiyo nitakaa kidogo.

Ni mpira mwembamba kama kondomu yenye gundi ndani na bomba mbele, bomba linaenda kwenye mfuko uliofungwa mguuni. Mkojo haugusi ngozi kabisa. Unavaa mara moja asubuhi, inakaa mpaka masaa 24, na kazi ya mchana inabaki kumwaga mfuko tu, hushushi suruali. Ukilinganisha na pampasi nne au tano za kubadilisha kwa siku, kwa mtu ambaye kila kubadilisha kunahitaji kulala, hapo hakuna mjadala.

Ila masharti yake ni mengi na yote lazima yatimie. Saizi kwanza. Zinapimwa kwa milimita, kuna karatasi ya kupimia yenye matundu au nusu duara, unapima palipo panene. Kubwa kuliko wewe inavuja na kuchomoka, ndogo inakaba, na kama husikii hapo chini hutajua kwamba imekaba mpaka uone pamevimba. Wanaume wengi wanajipa saizi ya heshima badala ya saizi yao halafu wanasema bidhaa mbovu. Nywele zipunguzwe kwa mkasi, usinyoe, ngozi iliyonyolewa inawasha na gundi inaing'oa. Ngozi iwe kavu kabisa bila krimu wala mafuta. Uache nafasi kidogo mbele, kama sentimita mbili, lakini isizidi maana ikijikunja na kujipinda kama shingo ya puto mkojo unarudi nyuma na kuisukuma yote itoke. Hiyo ndo ajali kubwa ya kondomu, sio kuvuja tone tone, inatoka yote kwa mpigo. Na mwenye uume uliorudi ndani hasa akikaa, ambalo linatokea kwa wengi wenye tumbo au waliokaa miaka mingi, inaweza isishike kabisa, zipo fupi maalumu ila bado ni bahati nasibu.

Sasa mikono. Kuivingirisha mpaka mwisho kwa vidole vyangu siwezi, mama au kaka mdogo ananivisha asubuhi, sikuona aibu kwa muda mrefu maana mbadala ulikuwa kubadilishwa mara tano. Ndo mahesabu ninayokuambia: kitu kinachohitaji msaada mara moja kwa siku kinaweza kukupa uhuru kuliko kitu "rahisi" kinachohitaji msaada kila baada ya masaa matatu.

Na usisahau koki ya mfuko, maana hiyo utaigusa wewe mwenyewe. Kuna ya kusokota, kuna ya kusukuma na kuvuta, na kuna ya kidude kinachogeuka chini kama swichi. Ya kusokota kwangu haiwezekani kabisa. Ya kugeuza chini naifungua na mfupa wa kidole gumba, nimeshonea na kakitanzi ka utepe ili niivute bila kushika. Wapo wenye mikono isiyofanya kazi kabisa wanatumia koki ya umeme yenye batani kwenye wilchea, ipo, ila tuseme ukweli ikizimika betri uko njiani umekwama na mfuko umejaa. Mifuko inakuja ya mililita 350, 500, 750. Mkubwa unaonekana wa maana lakini ukijaa ni robo tatu ya kilo inaning'inia mguuni inavuta bomba, kwahiyo mwaga ukifika theluthi mbili. Mikanda yake isikaze, mguu usiosikia utachubuka bila taarifa, mi naikagua jioni kila siku, ukiona alama nyekundu isiyoondoka badilisha sehemu, asubuhi inayofuata mguu mwingine. Usiku unaunganisha na mfuko wa lita 2 unaoning'inia kitandani chini ya usawa wa kibofu, ukiuweka juu mkojo unarudi.

Kwa wanawake bado sijaona kitu cha nje kinacholingana na hiki cha kutembea nacho, na dada yangu ananikumbusha kila nikianza kuisifia. Kuna kifaa cha kulala nacho usiku, kipande laini kinawekwa katikati na mashine ndogo inanyonya mkojo kwenda kwenye kopo, kinasaidia aliyelala chali bila kugeuka sana. Ukigeuka geuka kinahama.

Mpira wa ndani: wa kuingiza na kutoa, au wa kukaa

Huu sio uamuzi wa duka, ni wa wewe na daktari au nesi, ila ukienda huko uende unajua unauliza nini.

Wa kuingiza na kutoa: unaingiza kakatheta, yaani kampira kembamba, kwenye njia ya mkojo, kibofu kinamaliza, unatoa, kawaida mara 4 mpaka 6 kwa siku, na lengo kibofu kisivuke mililita 500. Zamani walidhani lazima kila kitu kiwe kama chumba cha upasuaji, mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Marekani akaonyesha kwamba mikono safi na katheta safi inatosha, na watu wakaanza kujifanyia wenyewe. Kwa figo na kwa UTI ndo njia inayosifiwa zaidi kama unaiweza. Neno ni hilo, kama unaiweza. Vidole vishike kitu laini kinachoteleza, mwanamke aone au apapase tundu ambalo halionekani, kwenye wilchea inabidi asogee mbele, miguu ipanuliwe, suruali ishuke, kioo kishikwe kati ya mapaja. Dada anayekaza mapaja bila hiari hapo anagoma, na simlaumu. Zipo katheta ngumu fupi za wanawake, zipo zenye mshikio mpana wa plastiki, zipo zilizokuja na mfuko wake kabisa huhitaji hata choo. Na kuna upasuaji wa Mitrofanoff, tangu 1980, wanatumia kidole tumbo kutengeneza njia kutoka kitovuni mpaka kwenye kibofu, unaingizia katheta hapo tumboni umekaa na nguo zako. Ni upasuaji, una mambo yake, lakini kwa mwanamke wa wilchea mwenye mikono mizuri inafaa kuuliza.

Wa kukaa: unaingia, puto dogo ndani linajazwa maji kama mililita 10 lisitoke, unabadilishwa na nesi kila baada ya wiki 4 mpaka 12 kutegemea aina. Unaweza kupita njia ya mkojo au tumboni chini ya kitovu. Kwa aliyekaa siku nzima wa tumboni una faida, haukaliwi, unaonekana, unasafishika na hauingiliani na mambo ya ndoa. Kwa mikono ambayo haifanyi kazi kabisa ndo mara nyingi linabaki jibu. Gharama yake ni UTI, kuziba, na mawe ya kibofu kwa wengine.

Na kuziba ndo kunanipeleka kwenye hatari. Kama uliumia uti wa mgongo kwenye pingili ya 6 ya kifua au juu yake, kibofu kikijaa mkojo ukashindwa kutoka, presha ya damu inaweza kupaa ghafla mpaka kuua. Kichwa kinagonga, jasho linatoka juu ya ulipoumia, uso unawaka, vinyweleo vinasimama. Kaa wima, legeza kila kinachobana, angalia bomba halijakunjwa wala mfuko kujaa, na kama dalili haziishi hapohapo ni hospitali ya dharura sasa hivi. Mi lilinitokea kwa bomba la kondomu kukaliwa kwenye kiti cha gari. Bomba tu. Kaka akalinyoosha, na kichwa kikaanza kupoa taratibu kama mtu kafunga jiko. Siku hizi wanaonisaidia wote wanajua kwanza waangalie bomba.

Wenye mgongo wazi, ulizia kama katheta, kondomu na glavu ni za latex (mpira wa asili), aleji ya latex kwenu ni ya kawaida sana, chukua za silikoni.

Ya kitandani na ya kufua

Haraka tu. Chupi za kufua zinafaa matone, kwa kibofu kinachomwaga kizima hazifai. Shuka za kunyonya za kufua ni nzuri usiku ila ni nzito zikilowa, fikiria nani anazifua na kuzianika, na usitumie dawa ya kulainisha nguo, zinaacha kunyonya. Chupa ya kukojolea yenye kizuizi ili mkojo usirudi nje, kwa mwanaume anayeusikia mkojo ila hawahi choo, inaweza kumaliza tatizo lote kwa kitu kimoja cha plastiki, na bado watu wanaruka moja kwa moja kwenye pampasi.

Na ngozi

Hapa ndo pampasi nene inapogeuka adui. Umepewa mto wa kiti wa kuzuia vidonda, halafu unakaa juu ya pampasi ya usiku, na pedi ndani, na shuka la plastiki juu ya mto ili usilowe. Mto haufanyi kazi tena, umekalia mabonde na milima. Godoro la hewa ni hivyohivyo, kila tabaka linalipunguza nguvu. Mchana chagua nyembamba inayobadilishwa mapema kuliko nene inayokaliwa siku nzima, na aina zenye mgongo unaopumua, wa kitambaa, sio wa plastiki inayolia kama mfuko kila ukisogea. Krimu ya kinga iwe utando tu, ukipaka mafuta mazito yanaziba uso wa pampasi na mkojo unaelea juu. Na usipunguze maji ya kunywa ili usilowe, mkojo mzito unawasha kibofu zaidi, choo kinakuwa kigumu, na choo kigumu kinakandamiza kibofu, unavuja zaidi ya mwanzo.

Kwa hiyo kwetu imeishia hivi. Mi mchana kondomu na mfuko wa 500 wenye koki ya kugeuza, usiku mfuko wa lita 2 na shuka la kunyonya chini ikitokea, na pampasi mbili za velkro za akiba kwenye begi la wilchea, masikio yameshakunjwa. Dada nyumbani za kuvaa, safarini pedi na wavu, na suruali yake fundi ameitia zipu ndefu pembeni mpaka gotini ili vyuma visitoke. Yeye ndo alianza na wazo la zipu, baada ya mimi kumshauri miezi mitatu mfululizo abadilishe pampasi.

Ukitaka kujaribu aina mpya, omba sampuli mbili tatu kabla ya kununua pakiti, na uzijaribu siku huna pa kwenda. Ivae mwenyewe ukiwa umekaa pale unapokaaga kila siku, uitoe mwenyewe ikiwa imelowa, ukiangalia saa.